Mahudhurio ya Darasa la Saba B

Mgeni alifika nusu saa kabla ya muda, tena kwa miguu. Mwalimu mkuu alimwona kupitia dirisha la ofisi: mwanamke wa makamo, amesimama nyuma ya vyoo, akilitazama tundu kwenye ukuta wa uzio.

“Tumekwisha,” alimwambia naibu wake. “Ameanza na tundu.”

Naibu, mwanamke asiyeishiwa utani, alichungulia. “Afadhali tundu, mkuu. Angeanza na vyoo vyenyewe, tungefunga shule leo leo.”

Hakuna aliyecheka. Barua ya wizara ilikuwa mezani. Wakaguzi wangekuja saa mbili asubuhi, na shule hii ikipata daraja la mwisho kwa mara ya pili ingefungwa, wanafunzi wake wagawanywe kwingine. Shule ya karibu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mwalimu mkuu alikuwa amefundisha hapo miaka ishirini na miwili. Alijua ni wangapi wangeuweza mwendo ule, na wangapi wangeishia njiani.

Alivaa koti akatoka mbio.

“Karibu sana, mheshimiwa. Tulikutarajia saa mbili.”

“Niite mama tu,” mgeni alisema. Alikuwa amekumbatia bahasha ya kahawia kwa mikono miwili. “Hili tundu lina muda gani?”

“Tangu mvua za mwaka jana. Tumeandika barua tatu, hatujajibiwa hata moja.”

“Mtoto anapenya hapa.”

“Labda mdogo.”

“Anapenya,” alirudia. Hakuandika kitu.

Hilo ndilo lililomtia mwalimu mkuu hofu. Wakaguzi aliwajua: wa kuhesabu madawati, wa kunusa vyoo, wa kuuliza chai italetwa saa ngapi. Asiyeandika hakuwahi kumwona.

Alimpitisha maktaba, yenye kabati moja la vitabu na kufuli jipya. Akampitisha maabara, ambayo jana yake ilikuwa stoo ya majembe. Mama yule aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikiliza kitu kingine. Walipofika darasa la saba B ndipo aliposimama. Watoto hamsini na kitu waliinuka wakamwamkia kwa sauti moja. Hakuitikia. Aliwatazama mmoja mmoja, dawati kwa dawati, hadi wengine wakaanza kuangalia chini.

“Mwalimu wao wa darasa yuko wapi?”

“Alihamishwa mwanzo wa muhula, mama. Hatujaletewa mwingine. Nawaangalia mimi mwenyewe.”

“Mtoto asipofika, nani humpigia simu mzazi?”

“Hapa ofisini. Kabla ya saa nne mzazi huwa ameshajua.” Uongo ulimtoka laini, bila kukwama.

“Kila mzazi?”

“Kila mzazi.”

Mama alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua. “Ni utaratibu mzuri,” alisema.

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. Njia nzima ya kurudi ofisini alizungumzia ufaulu, usafi na nidhamu, maneno yakimtoka yenyewe. Alimwekea kiti chenye mto. Mama hakukaa.

“Naomba daftari la mahudhurio. La hao hao wa saba B.”

Hapo moyo ulitulia kabisa, kwa sababu daftari ndilo lililokuwa ngome yake. Kwa siku mbili, mchana baada ya masomo, alikuwa amejifungia na kalamu tatu tofauti, akijaza muhula mzima, alama kwa alama. Siku nyingine aliandika kwa kukandamiza, nyingine kwa wepesi. Wachache aliwapa siku mbili tatu za kukosa, ili uongo usinuke. Hakuona fahari kufanya hivyo. Lakini robo ya watoto hawakuwa wakifika: huyu analea wadogo zake, yule anabeba mizigo sokoni, wengine hakuna ajuaye waliko. Na mahudhurio yalibeba alama thelathini kati ya mia za ukaguzi. Bora daftari liseme uongo, alijiambia, kuliko geti liwekwe kufuli.

Mama aliliweka daftari mezani, akashusha kidole taratibu kwenye orodha ya majina. Kwenye jina la kumi na moja kidole kikasimama.

“Huyu anaendeleaje?”

Mwalimu mkuu aliinama akasoma. Sura haikumjia. Aliufuata mstari wa alama kutoka mwanzo wa muhula. Haukuwa na pengo hata moja.

“Aa, huyu! Huyu ni wa kupigiwa mfano, mama. Hajakosa hata siku moja.”

“Wiki iliyopita?”

“Siku zote tano.”

“Na leo?”

Majina ya leo yalikuwa hayajaitwa, lakini alama alikwishaziweka tangu jana. “Yupo,” alisema. “Hata leo yupo.”

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Naibu aliingiza kichwa, na safari hii hakuwa na utani usoni.

“Mkuu, gari la wakaguzi liko getini. Wako watatu.”

Mwalimu mkuu alimtazama naibu, kisha akamgeukia mama. Kidole chake bado kilikuwa juu ya lile jina.

“Basi niitie binti yangu, mwalimu,” mama alisema. “Nilimzika Ijumaa.”