Sahani ya Shigela

Sheria yenyewe ni hii: ukitaka kusomea udaktari wa familia, unakabidhi chuoni kumbukumbu iliyokusukuma huko, ikutoke kabisa kichwani, wapandikizwe wenzako waliokulia katika raha. Eti huruma ni mali ya umma. Mbona wanaochangia ni watoto wetu tu?

Nyamizi alirudi Urambo likizo. Mama yake alikuwa amepika ugali wa muhogo na mlenda, akatenga sahani tatu, kama kila mwaka siku ile.

"Tuna mgeni, mama?"

"Hiyo ya marehemu mdogo wako. Leo ndiyo siku aliyofariki."

"Nilikuwa na mdogo?"

Kabla mama hajajibu, hodi ikapigwa. Alikuwa mwanafunzi mwenzake Nyamizi wa chuoni, mtoto wa pekee wa waziri. Akapiga magoti kizingitini, akilia.

"Mama, nisamehe. Niliendesha baiskeli mpaka zahanati, nikakuta kufuli. Shigela alikuwa bado anapumua mgongoni kwangu."

Mama akamfuta machozi kwa pembe ya khanga, akamkalisha penye sahani ya tatu.

Nyamizi akamwinamia mama yake, akanong'ona kwa huruma ya kweli:

"Masikini. Kwani huyo Shigela alikuwa nani wake?"