Mstari wa Chaki

Baba alipokanyaga kipago cha kwanza kwa mguu wake mbovu, nikaikamata ngazi kwa mikono miwili.

"Achia," akasema.

Vyuma vya kuizuia isiyumbe nilivichomelea mwenyewe, ili fundi apande bila kushikiwa. Tulizungushia kila chuma mstari wa chaki, tukamwaga maji ya sabuni ili sakafu iteleze, tukaning'iniza mifuko ya mchanga upande mmoja. Havikusogea. Lakini karakana yetu ina sheria: mchanga hauna roho, kwa hiyo mwisho apande mtu.

Sikudhani angepanda yeye, aliyeanguka miaka sita iliyopita.

"Nipande mimi, Baba."

"Wewe ndiye uliyetengeneza, na mwamba ngoma huvutia kwake. Achia, binti yangu. Ukiishika, tunapima mikono yako."

Nikaachia. Nikarudi nyuma hatua tatu, mikono nimeifumbata mgongoni isije ikanisaliti.

Alipofika juu akafanya kilekile kilichomwangusha siku ile: akainama pembeni, mkono mmoja hewani.

"Chaki inasemaje?"

Nikapiga magoti kwenye sabuni. "Vyuma havijatoka mstarini, Baba."

"Paza sauti! Mafundi wa jirani hawajasikia."