Mlio wa Pili

Kikoti hakuja kugombana. Alikuja kumwona Shani, tembo aliyemchezesha kwenye sarakasi miaka kumi na tisa, ambaye sasa alikuwa amestaafu kwenye hifadhi hii ya wanyama wazee. Lakini alipomkuta amemlazia mkonga begani mwanamke anayemtunza, roho ilimuuma. Yeye Shani hakuwahi kumfanyia vile hata siku moja.

"Amekuzoea," alisema kwa shida.

"Ni mpole tu, mzee wangu. Ila magoti yamekwisha, hata kulala chini halali siku hizi."

Kikoti akatoa filimbi mfukoni, akapuliza mara moja. Shani aliliacha tikiti alilokuwa akila, akapiga magoti kwenye kokoto, kama zamani.

"Inuka, mama! Inuka!" Mwanamke alimbembeleza, akamsogezea tikiti. Shani hata hakugeuka. Alikuwa akimkodolea macho Kikoti, maana alifundishwa kuinuka kwa mlio wa pili tu.

"Mzee, mwinue, nakuomba!"

Kikoti aliirudisha filimbi mdomoni. Miguu ya Shani ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini macho hayakubanduka usoni kwake. Kikoti akavuta pumzi, akaibana kifuani.