Neva Safi za Profesa

Chai ilikuwa bado inafuka moshi, lakini Profesa aliipiga mafunda matatu bila kukunja uso. Mkewe ndiye aliyeona lengelenge likimvimba kwenye mdomo wa chini.

"Baba watoto, umeungua."

"Sijaungua."

"Mdomo unachubuka naona, halafu unaniambia hujaungua?"

Profesa akajigusa. Upande wa kushoto, kuanzia mdomoni hadi kidevuni, ulikuwa kama wa mtu mwingine. "Ni ganzi ya sindano tu," alisema.

"Sindano gani ya wiki tatu? Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu."

Profesa akanyanyuka kutafuta tai yake. Mtu aliyeandika vitabu viwili juu ya saratani ya mdomo hakuwa tayari kufundishwa ugonjwa huo na mwalimu wa hisabati, hata kama mwalimu mwenyewe ni mkewe waliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini.

Uvimbe wa saratani ulikuwa umetolewa chini ya ulimi wake wiki tatu zilizopita, na aliyeutoa ni mwanafunzi wake wa zamani, ambaye wodi nzima ilimwita Daktari Kisu. Jambo moja tu lilikuwa bado halijulikani: kama saratani ilikuwa imegusa neva, yaani mishipa ya fahamu. Saratani ya mdomo ikishaingia kwenye neva, hutambaa nayo polepole kama mchwa ndani ya boriti: nje unaona mti mzima, kumbe ndani umekwisha. Mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa kwenye tiba ya mionzi upesi. Asipopelekwa, ugonjwa hurudi, na haurudi kumjulia hali.

Bahati nzuri, juu ya neva hakukuwa na mjuzi kama Profesa. Utafiti wake ulifuatilia wagonjwa mia nne na kumi na wawili kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na saratani kwenye neva. Sifuri! Kwa sifuri hiyo alipandishwa cheo, akaalikwa mikutanoni, na akawaondolea wagonjwa wake usumbufu wa mionzi. Ni kweli kwamba wengi walirudi kabla mwaka haujaisha, kidevu kikiwa na ganzi, na wengine hawakurudi kabisa. Kwenye mafaili yao Profesa aliandika: *Hakuzingatia usafi wa kinywa.*

Mkewe aliwahi kuitazama sifuri hiyo kwa jicho la darasani. "Mimi darasa zima likifaulu, naanza kwa kuuliza nani amesahihisha."

"Takwimu hazina mjomba," Profesa alimjibu, akacheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi hiyo hakuwa na kicheko. Daktari Kisu alimpa bahasha ya maabara wakiwa wawili tu ofisini, na Profesa akaichana. Aliogopa, tena aliogopa hasa, kama wanavyoogopa watu wasio na vitabu. Akaruka ukubwa wa uvimbe, akaruka kina chake, akaenda moja kwa moja mstari wa saba.

*Neva: hazijavamiwa.*

"Mia nne na kumi na tatu!" alipiga kelele, akampiga kijana begani.

Daktari Kisu hakutabasamu. "Mwalimu, nisionekane nimekosa adabu. Kama neva ni safi, hiyo ganzi imetoka wapi? Nimekuwekea nafasi ya mionzi Jumatatu. Twende tu."

"Niende mionzi mimi, halafu utafiti wangu niufiche wapi? Karatasi imeshasema."

"Karatasi haina kidevu, mwalimu."

Profesa alimsamehe, maana alikuwa na furaha ya kumsamehe mtu yeyote. Akaomba kalamu, akaandika kwamba nafasi yake ya Jumatatu apewe mgonjwa anayeihitaji kweli, akatia sahihi. Kisha akampigia simu mkewe. Mwalimu wa hisabati akalia kwa sauti mbele ya wanafunzi wake, akamwambia arudi nyumbani mapema.

Lakini mtu mwenye shukrani haondoki hivi hivi. Profesa alishuka ngazi mpaka chini kabisa ya jengo, kwenye maabara ambayo hakuwahi kuikanyaga tangu alipopata cheo. Palikuwa na chumba kimoja chenye darubini moja, mpimaji mmoja aliyeinama juu yake, na karani wa makamo aliyezungukwa na masanduku ya sampuli.

"Shikamoo, Profesa," karani alisimama haraka. "Leo umepotea njia?"

"Marahaba. Nimekuja kumshika mkono aliyezitazama neva zangu."

Karani akamtazama mpimaji. Mpimaji akaitazama darubini.

"Uvimbe wako nimeupima mimi," mpimaji alisema hatimaye. "Ukubwa, kina, na kingo zake. Nimepima kwa makini, Profesa."

"Na neva je?"

Karani akavuta droo, akatoa bunda la fomu mpya ambazo hazijaguswa na kalamu, akamwekea mezani kwa heshima zote. Mistari yote ilikuwa mitupu, isipokuwa wa saba, ambao ulikuwa umeshachapwa: *Neva: hazijavamiwa.*

"Neva tuliacha kuzitazama miaka kumi iliyopita," karani alisema. "Watu wa utawala walisoma andiko lako la kwanza, lile la wagonjwa tisa, wakatuambia tusipoteze muda kutafuta kitu ambacho Profesa ameshathibitisha kuwa hakipo."