Mkono wa Pili

Bi Mwanahija, msukaji mikeka aliyesifika mji mzima, alikuja sokoni kwa mafundi kuuza mikeka yake ya mwisho. Kiharusi kilikuwa kimeupoozesha mkono wake wa kulia. Mumewe, Shomvi, aliyezeeka katika kazi ya bucha, ndiye aliyeitandika mikeka hiyo, na kufikia adhuhuri yote ilikuwa imenunuliwa. Mkeka wa mwisho ulipobebwa, Shomvi alimwona mkewe akiusindikiza kwa macho hadi ukapotea.

Alienda kununua fungu la miyaa, majani makavu ya kusukia, akarudi akaketi upande wa kulia wa mkewe.

"Nielekeze," alisema.

"Wewe? Na mikono hiyo ya shoka?"

"Nakupa mmoja tu. Wa pili unao mwenyewe."

Wakaanza. Miyaa ikakatika, na ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ukafumuka.

"Taratibu, bwana! Hapa hatuchuni ngozi!"

Majirani wakacheka, na Mwanahija naye akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue. Kidogo kidogo mikono ile miwili ikazoeana. Wa mke ukipitisha juu, wa mume unapokea chini. Mfinyanzi na mchonga vinyago wakaacha bidhaa zao, wakaja kutazama.

"Huo ukiisha ni wangu," akasema mteja mmoja.

"Huu hauuzwi, mwanangu," Mwanahija akamjibu bila kuinua uso.

Ukili ukateremka magotini pao, ukagusa ardhi, ukatambaa hadi miguuni pa watazamaji, nao wakasogea nyuma, wakiupisha.