Rangi Isiyo na Muhuri

Fundi Zeger alisimama mlangoni mwa kanisa, akatanua mikono kama mtu anayezuia mbuzi wasitoke zizini, na kutangaza kwamba hakuna atakayekwenda kula kabla ya kuonyesha kucha zake.

Watu walinung'unika. Ilikuwa Jumapili ya Agosti, jua linachoma, na padri alikuwa amehubiri mno. Lakini Zeger alikuwa mkuu wa chama cha mafundi wa rangi nyekundu, na mjini kwetu mkuu wa chama akisema onyesha, unaonyesha.

Chanzo cha yote kilikuwa kitambaa. Tangu Pasaka sokoni kulikuwa kukiuzwa sufu nyekundu isiyo na muhuri wa chama. Ilikuwa rahisi, na baya zaidi, ilikuwa nzuri. Zeger alikuwa ameifua, akaianika juani wiki nzima, hata akailoweka kwenye siki. Haikupauka. Aliianika na ya kwake pembeni ili kulinganisha, na ya kwake ikapauka siku ya tatu.

"Huyu fundi ningempigia magoti," aliwahi kumwambia mkewe, Aleydis, kitambaa kikiwa mkononi. "Halafu nikishasimama, namvunjia pipa."

Hakuwa akitania. Kanuni mpya aliiandika yeye mwenyewe: atakayekamatwa akitia rangi nyekundu nje ya chama, pipa lake litavunjwa mbele ya mlango wake, naye na wote wanaoishi chini ya paa lake watafukuzwa mjini kabla jua halijazama. Jumatatu asubuhi, kesho yake tu, chama kingekutana. Zeger alikuwa ameapa kuwapelekea jina, la sivyo angeuvua mkufu wa ukuu mbele ya wote. Na mkufu ule aliupenda, jamani. Alikuwa akila nao.

"Mtu wa nyekundu hajifichi!" alipaza sauti. "Rangi ikishaingia kwenye kucha haitoki, hata ukisugua na mchanga. Naanza na wa nyumbani kwangu, msije mkasema napendelea."

Aleydis akajitokeza. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa bingwa wa nyekundu kwenye mto wetu wote, na Zeger aliipata karakana yake ya rangi kwa kumwoa binti. Alinyoosha mikono yote miwili, myeupe kama unga, akaigeuza juu na chini.

"Inatosha, Mheshimiwa," aliuliza, "au nivue na pete?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Pita, mke wangu, pita."

Kwa kweli Zeger hakuwa na wasiwasi naye. Mwaka juzi Aleydis aliwahi kuomba jina lake liandikwe chamani, maana kazi aliijua tangu akiwa mtoto. Zeger alicheka mpaka akakohoa. "Mkono wa mwanamke hauchovywi kwenye pipa jekundu," alimwambia. "Imeandikwa." Aleydis hakuligusia tena jambo hilo. Siku hizi alikuwa akienda kumsaidia shangazi yake kufua mashuka kwenye nyumba ya watawa ng'ambo ya daraja, mahali ambapo mwanamume haingii. Alikuwa akirudi jioni hoi, akilalamikia baridi ya sakafu ya mawe, na hata kitandani hakuvua soksi zake ndefu za sufu.

Mistari ikasogea. Kucha za waokaji, kucha za wachinjaji, kucha za mke wa meya, aliyetukana kidogo. Kisha akafika Boudin, kijana wa chama cha rangi ya bluu, na Boudin alikuwa amevaa glavu.

"Glavu, Boudin? Agosti hii?"

"Fundi, nakusihi. Twende pembeni."

"Pembeni kufanya nini? Vua."

"Mbele ya watu wote?"

"Hasa mbele ya watu wote."

Boudin akaificha mikono makwapani. Wakaguzi wawili wa chama wakamkamata, mmoja huku, mwingine kule, wakavuta. Zeger alikuwa tayari ameshafungua kinywa kulitamka jina.

Mikono ilikuwa ya bluu, mpaka kwenye viwiko, kama ya mtia rangi ya bluu yeyote.

"Mchumba wangu hapendi bluu," Boudin alisema, karibu kulia. "Nilimwambia natengeneza mishumaa."

"Mishumaa, Boudin?" sauti ya msichana ilitoka katikati ya umati, na siku ya Boudin ikaishia hapo.

Zeger alikagua mpaka mtu wa mwisho. Nje ya chama chake hakukuwa na ukucha mmoja mwekundu mji mzima. Alirudi nyumbani, akaketi mbele ya mchuzi wa njegere bila kuugusa, akiuchezea mkufu wake kwa vidole.

"Kesho nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli," Aleydis alisema.

"Ukweli gani? Nimeangalia mikono ya kila mtu!"

"Nimekuona. Umejitahidi sana." Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akanyoosha miguu. "Joto limenishinda leo, mume wangu. Hebu nivue soksi."

Zeger, mawazo yakiwa mbali, akapiga magoti, akavuta ya kulia, akavuta na ya kushoto.

Miguu ya mkewe ilikuwa myekundu, kuanzia nyayo hadi juu ya vifundo, wekundu ule ule usiopauka.

"Mkono sijachovya," alisema Aleydis.