Jino la Mlinzi

Zita alimfungua kinywa mtoto wa mbwa ili atoe kipande cha kandambili. Ilikuwa ya tatu kutafunwa mwezi huu.

Mumewe alisimama mlangoni na kiroba. "Leo namrudisha kwa mwenyewe, kule Kitai. Tulitaka mbwa wa kufukuza nyani shambani. Huyu akiitwa haji, anakojoa ndani, na jana kamaliza dagaa wote wa usipa tulioanika."

 Zita naye tangu jana alikuwa akisema mbwa aondoke.

Kandambili ilitoka na kitu kingine: jino dogo jeupe, jembamba kama punje ya mchele, lenye damu kidogo kwenye shina. Pale lilipotoka, ufizini, jino jipya lilikuwa linachomoza. Mbwa akamlamba vidole.

"Baba Glorious, huyu ana miezi mingapi?"

"Minne."

"Mwanao Glorious aling'oka jino la kwanza yuko darasa la kwanza. Na kitandani alikuwa bado anakojoa."

Mumewe akakishusha kiroba. "Sasa nyani je?"

"Nyani mwulize mwakani, akishakua."

Zita akamkalisha mbwa chini kwa mkono. "Kaa."

Mbwa akainuka, akaenda zake. Zita akamfuata, akamrudisha palepale.

"Kaa."